Mgeni kwenye Baraza la Makabwela

Redio ya utotoni mwangu ilipotaja Bunge la Uingereza ilisema "Baraza la Makabwela", nami nikaamini kwamba London kuna ukumbi ambamo watu wenye kandambili hukaa wakaamua mambo ya nchi. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba makabwela hao wako 650 na kila mmoja analipwa zaidi ya pauni 90,000 kwa mwaka. Kandambili sijaziona.

Jumamosi moja ya Januari nilialikwa chai East Ham, mashariki ya London. Binti wa Tanga, mwaka wa tatu chuoni, anayesomea siasa, alikuwa aanze Jumatatu mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya mbunge mmoja pale Westminster, siku tatu kwa wiki kwa wiki kumi na mbili. Chai ilikuwa ya kumpongeza. Vitumbua havijaisha, pongezi zikageuka ubishi. Majina nimeyaacha, kila mtu namwita kama alivyokuwa pale sebuleni. Mjomba ndiye mwenye nyumba, dereva wa basi, yuko Uingereza tangu 1998. Katibu aliwahi kuwa katibu wa mbunge wa jimbo moja la vijijini Tanzania, sasa anasoma. Mtu wa Hola ni Mkenya wa Tana River anayemalizia uzamivu wa historia. Mama yake binti alikuwa Tanga, kwenye simu iliyoegemezwa chupa ya chai, spika imewashwa. Huko kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni na adhana ya Alasiri ilishapita zamani, ila majogoo yake hayajui saa.

MJOMBA: Mimi sikatai mtoto asome. Nauliza tu, hii fildi unakwenda kama nani? Ungekwenda fildi halmashauri ya Tanga ningeelewa, ile ni yako. Hii ya Westminster ina wenyewe. Wewe una viza ya mwanafunzi, ada ya afya peke yake pauni 776 kwa mwaka. Halafu ukambebee mafaili mtu ambaye kesho atanyoosha mkono ada hiyo ipande?

MWANAFUNZI: Hawanyooshi mikono, Mjomba. Kengele inalia, wana dakika nane za kukimbilia vyumba viwili, cha ndiyo na cha siyo, wanahesabiwa mlangoni kama mbuzi.

KATIBU: Kwetu Spika anasikiliza sauti. "Nadhani waliosema ndiyo wameshinda." Na kila mara anadhani sawasawa.

MJOMBA: Msinitoe kwenye hoja. Binti, wewe ni mgeni. Mgeni haingii jikoni kwa watu.

MWANAFUNZI: Mjomba, mimi huyo mbunge nina haki ya kumpigia kura.

MJOMBA: Nani kakudanganya?

MWANAFUNZI: Ndiyo sheria yao. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anajiandikisha na anachagua mbunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, wote. Julai 4, 2024 nilipanga foleni kwenye shule ya msingi nyuma ya bweni letu. Yule mama wa mezani akataka kitambulisho, nikampa pasipoti ya Tanzania. Akaifungua, akanitafuta kwenye orodha kwa rula, akanipa karatasi na penseli.

Mjomba alinyamaza kidogo. Alipata uraia wa Uingereza 2009, akapiga kura mara ya kwanza 2010, na tangu hapo huwa anasimulia siku ile kama mtu anavyosimulia harusi yake. Uchaguzi wa 2001 na wa 2005 ulimpita akiwa na haki hiyo mfukoni. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza, kwa sababu mgeni haingii jikoni kwa watu.

MAMA: Kwa hiyo huko unachagua. Na huku kwenu?

MWANAFUNZI: Huko mpaka niwepo mwenyewe, Mama. Mtanzania akiwa nje hana kituo.

MTU WA HOLA: Sisi tunacho, lakini ni cha rais peke yake. 2022 walifungua vituo katika nchi kumi na mbili, na London ilikuwemo. Mbunge wa nyumbani simchagui. Mbunge wa hapa, ambaye hata Hola hajui iko wapi, ananihesabu.

KATIBU: Haya, kura tumeimaliza. Mimi nataka kujua kazi. Wamekwambia utafanya nini?

MWANAFUNZI: Kufungua barua na kuzipanga. Baruapepe, ndizo nyingi kabisa. Kupokea simu. Mtu akiwa na shida, naiingiza kwenye mfumo, inapewa namba, naandaa rasimu ya barua kwenda idara inayohusika. Ijumaa mbunge anakuwa jimboni anaonana na watu, wenyewe wanaita kwa jina lilelile la kliniki ya daktari. Pengine nitatafuta takwimu za swali la bungeni. Pengine nitachemsha chai.

KATIBU: Utachemsha. Hilo lisikusumbue, mimi pia nilichemsha. Nikwambie ofisi yetu ilivyokuwa. Chumba kimoja, benchi nje chini ya mwarobaini. Saa moja asubuhi benchi limejaa. Huyu mtoto kafukuzwa ada, yule kafiwa anataka sanda na usafiri wa maiti, vijana wanataka jezi na mpira, mwalimu mkuu anataka mabati. Mbunge akija ananiuliza jambo moja tu: "Wako wangapi?" Anatoa noti, mimi nagawa. Hapo ndipo ubunge unapoishia kwa mtu wa kawaida. Sasa huku mtu anakuja na ukungu kwenye ukuta wa nyumba ya halmashauri, mbunge hatoi hata senti ya kununulia rangi. Anaandika barua. Na barua ile ikifika, aliyeipokea analazimika kujibu.

MJOMBA: Si unaona? Wenzetu wamestaarabika.

KATIBU: Hapana mzee, sijasema hivyo. Kwetu tulikuwa tunaandika pia. Nimeandika barua mimi, kwa mhandisi wa maji wa wilaya, juu ya kisima kimoja, nne kwa mwaka mmoja, zina mhuri na kila kitu. Hajajibu hata moja. Sasa mama aliyetembea saa tatu kuja kuniona nimwambie nini, ngoja jibu? Nampa elfu kumi. Elfu kumi ile ndiyo ilikuwa jibu. Watu wanatucheka kwamba wabunge wetu ni mifuko ya pesa, hawaulizi kwa nini karatasi zetu zimekufa.

MTU WA HOLA: Kwetu tumeipa hata sheria. Mfuko wa maendeleo ya jimbo, CDF, tangu 2003. Fomu ya basari ndiyo sura ya mbunge.

Hapa sina budi kusema nilikokuwa nimesimama, kwa sababu mjadala ulipoa na kila mtu akatazama sahani yake. Nimesoma makala nyingi za vijana waliopata nafasi kama ya huyu binti. Karibu zote zinahusu jengo, ile mitini iliyopandwa ndani ya Portcullis House, jumba la ofisi za wabunge, chini ya paa la vioo, njia ya chini kwa chini ya kuingilia Bunge, picha na mnara wa Big Ben nyuma, na siku ya kwanza ya kusikiliza maswali ya Waziri Mkuu Jumatano saa sita mchana. Ni kweli vinapendeza. Lakini maneno ya Katibu juu ya barua nne kwa mhandisi wa maji yalinipa picha ya ofisi ya mbunge kuliko makala zote hizo. Kama binti atarudi na kitu kimoja kutoka Westminster, natamani kiwe ni namna karatasi inavyofuatiliwa mpaka ijibiwe. Yaani nani anapiga simu wiki ya pili, anamwambia nani, na kwa sauti gani.

MAMA: Na mshahara?

Binti aligusa pete yake, akaizungusha.

MWANAFUNZI: Nauli, Mama. Na chakula cha mchana.

MJOMBA: Sikusikia vizuri.

MWANAFUNZI: Umesikia, Mjomba. Mafunzo yakiwa ni sehemu ya kozi ya chuo na hayazidi mwaka, sheria ya kima cha chini cha mshahara hainigusi. Na kwa vile ni sehemu ya kozi, hayahesabiwi kwenye saa ishirini za kazi ninazoruhusiwa kwa wiki. Duka la dawa bado nafanya Jumamosi na Jumapili, leo nimebadilishana zamu.

MJOMBA: Siku tatu kwa bunge, siku mbili darasani, mbili dukani. Wiki ya Mwingereza ina siku ngapi?

KATIBU: Marekani waliliona hili. Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi lilianza kutengea kila ofisi ya mbunge kama dola 20,000 kwa mwaka, za kuwalipa wanagenzi. Kabla ya hapo waliomudu kukaa Washington bure ni watoto wa wenye nazo.

MTU WA HOLA: Na mgeni Marekani?

KATIBU: Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hizo hapati, kulipwa kuna masharti ya uraia. Afadhali ya hapa, kinachokosekana ni hela tu.

MJOMBA: "Hela tu"! Sikilizeni mtu huyu.

Katika hili niko na Mjomba moja kwa moja, na chai yake sikuinywa kwa unafiki. Ofisi inayoandika barua za kuwatetea watu waliopunjwa mishahara haipendezi ikiendeshwa na kijana anayekula andazi kwenye treni. Binti alisema uzoefu utamlipa. Huenda. Lakini yupo mwenzake darasani, Mganda, aliyepata nafasi hiyohiyo na akaiacha kwa sababu Jumamosi na Jumapili hazikutosha kodi ya chumba, na huyo uzoefu haumlipi chochote.

MAMA: Mwanangu, mimi pesa nitatafuta. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Hao wabunge si ndio wanaouawa?

Kimya. Jogoo la Tanga likawika, kana kwamba limeulizwa.

MWANAFUNZI: Ni kweli, Mama. Jo Cox, Juni 2016, alikuwa anakwenda kuonana na wapiga kura wake. David Amess, Oktoba 2021, alikuwa kanisani anawasikiliza wa kwake. Tangu hapo mambo yamekazwa. Mtu hapewi mahali pa kuonana mpaka apate miadi. Na mimi mwenyewe nimekaguliwa wiki tisa.

MAMA: Ndiyo maana nilitumwa kupiga picha ukuta!

Ikabidi binti aeleze. Fomu ya usalama ilitaka anwani ya kila mahali alipoishi. Yeye kakulia Chumbageni, nyumba ya tatu kutoka kwa fundi baiskeli. Aliandika S.L.P. ya shule aliyofundisha marehemu baba yake, fomu ikarudi. Akaandika jina la mtaa, ikarudi, wanataka namba. Mwisho Mama alitoka na simu, akapiga picha kile kibao kidogo kilichopigiliwa ukutani mwaka 2022, wakati wa anwani za makazi. Alikuwa hajawahi kukisoma. Alifuta vumbi kwa pindo la khanga, na kidole chake gumba kimeingia kwenye picha. Picha hiyo ndiyo iliyomfungulia mwanawe geti la Westminster.

MAMA: Na wakubwa wenye mikono myepesi, je?

MWANAFUNZI: Wapo, Mama. Kashfa yao ilifumuka mwishoni mwa 2017, mwaka uliofuata Bunge likaanzisha chombo huru cha malalamiko. Hata mimi mwanagenzi naweza kupeleka lalamiko. Namba zao nimeziandika kabla ya namba za mbunge.

MAMA: Mtie na Mjomba wako hapo kwenye orodha.

MTU WA HOLA: Naomba nami niseme, maana nimekaa kama mgeni rasmi. Mzee, umesema hilo jumba lina wenyewe. Mimi kwetu ni Hola. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola, askari waliwapiga watu waliowekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau, wakafa kumi na mmoja. Serikali ya koloni ikatoa taarifa kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Habari ile ilijadiliwa kwenye jumba hilohilo, usiku wa Julai 27. Barbara Castle wa Labour alikuwa ameishikilia miezi. Na aliyeisuta sana serikali alikuwa mtu wa chama cha serikali hiyohiyo, Enoch Powell. Alisema, kwa kifupi, kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Mwingereza na kingine kwa Mwafrika. Huyohuyo Powell, 1968, ndiye aliyetoa hotuba ya kuwachongea wahamiaji. Mjadala ule wa Hola wote umo kwenye Hansadi, kumbukumbu za Bunge.

MJOMBA: Naam, historia tamu. Inamhusu nini binti na chai yake?

MTU WA HOLA: Wafungwa wa kambi zile walikuwa wanaandika barua kwa siri. Nyingine zilifika London kwa wabunge. Sasa barua ikifika Westminster, mzee, nani anafungua bahasha? Si mbunge. Kuna mtu kwenye meza ya nje ameisoma kwanza, akaamua, hii iende juu au iende kwenye kapu. Juni 6, 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama palepale akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wazee 5,228 walioteswa wakati ule. Nilikuwa nyumbani, babu yangu alisikiliza kwenye redio. Kwa hiyo mimi siwezi kusema jumba lile ni la wenyewe peke yao. Damu ya kwetu imo kwenye makabati yake.

MJOMBA: Basi ndiyo akakae kwenye meza ya nje?

MTU WA HOLA: Hasa hapo.

Mjomba hakuwa mtu wa kushindwa haraka, na hoja yake ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Alisema yeye anawajua watu wa East Ham. Jumatatu binti akianza, Jumatano simu itaanza kulia. Fulani viza ya mkewe imekwama Wizara ya Mambo ya Ndani, fulani kakataliwa rufaa, fulani anataka faili lisogezwe. Watamwita "mtu wetu bungeni". Akikataa atakuwa kajivuna, na akikubali atafukuzwa, pengine hata viza yake iingie mashakani.

KATIBU: Hapo mzee kasema kweli tupu. Ugumu wa kazi ile ni ndugu. Wageni si tabu.

MWANAFUNZI: Nimefundishwa hilo kwenye semina. Mbunge anashughulikia mtu wa jimbo lake tu. East Ham ina mbunge wake. Mtu akinipigia nitampa anwani ya ofisi inayomhusu na nitamwambia aandike mwenyewe.

MJOMBA: Utamwambia shangazi yako hivyo?

MWANAFUNZI: Wewe ulifanyaje, Mjomba, viza ya Shangazi ilipokwama?

Sikujua kwamba kuna habari hiyo. Shangazi, mkewe Mjomba, aliyekuwa jikoni muda wote akituletea vitumbua kwa zamu, alicheka kutoka kulekule. Mjomba akainuka, akapanda ghorofani, akakaa huko kwa muda. Alirudi na bahasha ya kaki. Ndani, kwenye karatasi nzito yenye nembo ya geti la kijani juu, palikuwa na mistari sita, ya mwaka 2003. Mbunge wa wakati huo alimshukuru kwa barua yake, akamjulisha kwamba ameiandikia Wizara kuhusu ombi la mkewe na kwamba atamjulisha jibu likija. Sahihi ya wino. Mjomba aliikunjua taratibu sana, mikunjo yake imeshaanza kuwa mashimo.

KATIBU: Na viza?

MJOMBA: Ilitoka baada ya wiki tano. Kama ni barua, kama ni Mungu, sijui.

MWANAFUNZI: Mjomba, naomba. Ona hapa chini. Hizi herufi mbili ndogo, baada ya mkwaju.

MJOMBA: Nilidhani ni namba ya faili.

MWANAFUNZI: Ni za aliyeiandika. Mbunge katia sahihi tu.

Mjomba akavaa miwani. Akazitazama herufi zile mbili, miaka ishirini na kitu baada ya kuipokea barua, akiwa kama mtu aliyegundua kwamba chumbani kulikuwa na mtu wa tatu. Hakusema kwamba amekubali. Aliuliza kama nazi za Shangazi zilizobaki zinatosha vitumbua vya Jumatatu asubuhi, maana mtoto hawezi kwenda bungeni na njaa.

Jumatatu usiku binti alitutumia sauti ya dakika moja na nusu kwenye kundi la simu. Kadi ya kuingilia ilichelewa, akasubiri mapokezi dakika arobaini. Mbunge alimwona kwa mbali, alikuwa anakimbia kengele. Simu ya kwanza aliyoipokea ilikuwa ya bibi mmoja wa jimboni, mwenye hasira, pipa lake la taka halijachukuliwa tangu kabla ya mwaka mpya. Pipa si kazi ya mbunge, ni ya halmashauri, lakini bibi alikuwa ameshaanza kulia. Binti akaandika jina lake, mtaa, namba ya nyumba, akampa namba ya kumbukumbu, akaandika barua kwa halmashauri, akaipeleka kwa msimamizi wake, ikarudi na masahihisho mawili.

Katibu alikuwa wa kwanza kujibu: "Pipa tu? Kwetu angekuja nalo ofisini."

Mjomba akaandika chini yake: "Herufi zako umetia?"